Uzito wa Mtoto na Kodi ya Nyumba: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Barua nne tulizozichagua mwezi huu zimetoka pande tofauti za Nairobi, na zote zinagusa jambo moja: kama kliniki ya watoto ina haki, na ina uwezo, wa kuuliza hali ya nyumba anakotoka mtoto. Majina ya waandishi yamehifadhiwa. Anayejibu ni muuguzi wa afya ya mama na mtoto.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili na ninaishi Mukuru kwa Reuben. Mdogo ana miezi tisa. Nilipompeleka kliniki kwa chanjo ya surua, muuguzi alitazama kijitabu akaona kwamba uzito haujaongezeka tangu alipokuwa na miezi sita. Akaniuliza kama kuna siku ambapo chakula kiliisha nyumbani na sikuwa na pesa za kununua kingine, na kama tumelipa kodi ya nyumba. Jirani yangu alikuwa ameketi hapo karibu, nami nikajibu kwamba kila kitu ni sawa. Sikusema kweli. Niliogopa kwamba nikisema tunalala njaa nitaonekana sifai kulea, na mtoto achukuliwe. Kwa nini kliniki inauliza mambo ya ndani ya nyumba ya mtu?

JIBU: Mama, nianze na hofu yako, kwa kuwa ndiyo iliyokufunga mdomo. Umaskini si kosa la malezi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi, makao na huduma ya afya, na haki hiyo inaidai Serikali vilevile, si mzazi pekee. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya watoto, uliopitishwa mwaka 2009, unasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na wazazi wake, bali uwe ishara kwamba familia hiyo inahitaji kusaidiwa. Afisa wa watoto huingilia pale mtoto anapopigwa, anapodhulumiwa kimapenzi au anapotelekezwa. Mama anayetoka alfajiri kutafuta nguo za kufua South B ili watoto wapate kula jioni hayumo katika orodha hiyo.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Mstari wa uzito katika Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto hupanda kwa kasi katika miezi ya mwanzo, na ukilala baada ya mwezi wa sita, muuguzi mwenye uzoefu huwaza mambo kadhaa kwa pamoja. Huenda mtoto ana ugonjwa usioonekana kwa macho, kama vile kifua kikuu, upungufu wa damu au maambukizi katika njia ya mkojo, na hilo lazima lichunguzwe, kwa sababu si kila mtoto mwembamba wa Mukuru amekondeshwa na njaa. Huenda ni namna anavyolishwa, maana mwezi wa sita ndio wakati maziwa ya mama peke yake yanapoacha kutosha, na uji mwepesi hujaza tumbo bila kujenga mwili. Au huenda nyumbani hakuna cha kumlisha.

Katika mtaa kama wenu mambo hayo hushikana. Mama hurudi kwenye kibarua, mtoto huachwa na jirani anayelea watoto wengi katika chumba kimoja, na kunyonya kunabaki asubuhi na usiku tu. Mchana hupewa uji wa mahindi uliotiwa sukari. Maji hununuliwa kwa mtungi, kwa hiyo vyombo na mikono huoshwa kwa kubana, mtoto huhara, na kila akihara hupoteza gramu alizozipata kwa shida. Kisha mwezi unaanza, mwenye nyumba anagonga mlango, na pesa zilizokuwa za omena na maziwa zinakwenda kwa kodi. Ukikosa kodi utafungiwa mlango mtaa mzima ukiona, na ukikosa nauli hutafika kazini, lakini chakula kinaweza kupunguzwa bila mtu yeyote wa nje kujua. Ndiyo maana njaa ya Nairobi huonekana kwenye mizani ya kliniki kabla haijaonekana mahali pengine.

Muuguzi asiyeuliza hayo atakwambia umpe mtoto mayai, maharagwe, parachichi na samaki. Ushauri huo ni sahihi kabisa, lakini mama asiye na pesa huusikia kama lawama, na mara nyingi harudi. Nimewaona wengi wakipotea hivyo baada ya chanjo ya miezi tisa, kwa sababu chanjo inayofuata ya surua na rubela ni ya miezi kumi na minane, na katikati hapo hawaoni sababu ya kurudi kusikia lawama nyingine. Mtoto aliyeanza kudumaa huipitisha miezi hiyo yote bila kupimwa.

Palipokosewa ni kukuuliza jirani akisikia. Swali la namna hiyo huulizwa kando, na una haki ya kuomba liulizwe kando. Una haki pia ya kutolijibu, na mtoto wako bado apewe chanjo yake na huduma zote. Hata hivyo, ningekuomba urudi mapema bila kungoja tarehe iliyoandikwa, umtafute muuguzi yuleyule na umwambie kwamba siku ile hukuwa huru kusema. Atampima mtoto mzingo wa mkono kwa ule utepe wa rangi tatu. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na maana yake ni utapiamlo mkali. Kuanzia hapo hadi chini ya sentimita 12.5 ni manjano, mtoto yuko hatarini, na kuanzia 12.5 kwenda juu ni kijani. Mtoto aliye kwenye nyekundu ambaye bado ana hamu ya kula hutibiwa akitokea nyumbani, kwa vifuko vya chakula tiba kilichotengenezwa kwa karanga na maziwa. Akiwa anatapika kila kitu, hawezi kunyonya, amelegea, amepatwa na degedege, au miguu yote miwili imevimba, usisubiri kliniki. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

SWALI: Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya cha daraja la tatu upande wa Embakasi. Siku ya chanjo foleni yangu hufika nje ya lango. Tumehudhuria semina iliyotuhimiza tumuulize kila mzazi kuhusu chakula, makao, kazi na usalama wa nyumbani. Sipingi, lakini muda huo niutoe wapi? Na nikishauliza, nikaambiwa hakuna chakula, nimpe nini? Naona ni ukatili kufungua kidonda ambacho sina uwezo wa kukifunga.

JIBU: Muuguzi mwenzangu, swali lako la pili ndilo zito, na nitalirudia. Kwanza niondoe dhana, ambayo naisikia sana katika vyumba vya chai vya wauguzi, kwamba jambo hili ni mtindo mpya ulioletwa na wafadhili. Mwaka 1940, madaktari Sidney na Emily Kark walianzisha kituo cha afya huko Pholela, katika jimbo la Natal, Afrika Kusini. Walipoona utapiamlo wa watoto unarudi baada ya kila tiba, walianza kutuma wahudumu nyumba kwa nyumba na kuhimiza bustani za mboga. Mwaka 1957 mwanafunzi wa udaktari kutoka Marekani, Jack Geiger, alikwenda kujifunza kwao. Aliporejea Marekani alishiriki kuanzisha kituo cha afya cha Columbia Point mjini Boston mwaka 1965, na baadaye kingine huko Mound Bayou, Mississippi, ambako madaktari waliandika cheti cha dawa, na dawa yenyewe ilikuwa chakula. Familia ilichukua chakula dukani, na gharama ikalipwa na bajeti ya famasi. Wakubwa walipolalamika kwamba fedha hizo ni za dawa, Geiger aliwajibu kwamba vitabu vyake vya udaktari vinasema tiba ya utapiamlo ni chakula. Kwa hiyo Boston ilijifunza kutoka Afrika, na sisi tunapoletewa somo hilo leo katika semina ya hoteli tunarudishiwa mali yetu.

Kuhusu muda, kuna jaribio moja linalofaa kulifahamu, kwa kuwa lilifanywa na watu wenye foleni kama yako. Katika vituo vinane vya afya mjini Boston, wazazi wa watoto wachanga walipewa karatasi fupi ya kujaza wakiwa bado wanasubiri. Iliuliza mambo sita: malezi ya mchana ya mtoto, chakula, joto la nyumba wakati wa baridi, makao, elimu ya mzazi na kazi. Mpango huo unaitwa WE CARE, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 39 ya kina mama waliojaza karatasi hiyo walikuwa wamejiunga na huduma mpya ya kijamii, ikilinganishwa na asilimia 24 ya wale waliohudumiwa kwa utaratibu wa kawaida. Daktari hakuongezewa mtu wa kumsaidia. Alisoma karatasi, akatoa ukurasa wenye maelezo ya mahali pa kwenda, akaendelea na kazi.

Mimi nazisoma takwimu hizo kwa tahadhari. Asilimia 39 ni ushindi, lakini maana yake pia ni kwamba wengi hawakufika popote, na hao walikuwa Boston, ambako kuna huduma nyingi za kuelekezwa. Jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 2016, linanishawishi zaidi. Lilihusisha familia 1,809 katika hospitali mbili za watu wa kipato cha chini huko San Francisco na Oakland. Nusu moja ya familia ilipewa maandishi yenye orodha ya misaada, na nyingine ilipewa mtu wa kuandamana nayo, kupiga simu na kufuatilia. Baada ya miezi minne, shida za waliopewa mtu zilikuwa zimepungua zaidi kuliko za waliopewa maandishi, na walisema afya ya watoto wao imekuwa bora. Nadhani hapo ndipo penye jibu la Nairobi. Mtu huyo sisi tunaye tayari. Ni mhamasishaji wa afya ya jamii, anayehudumia takriban kaya mia moja na anayeijua ploti kwa jina la mlinzi wake. Tatizo letu ni kwamba mara nyingi tunamtuma atutafutie watoto waliokosa chanjo, kisha hatumwambii kilichomfanya mtoto akose.

Usiige karatasi ya Boston kama ilivyo. Hapa hakuna haja ya kuuliza joto la nyumba, na wazazi wengi hawapendi kuandika shida zao kwenye foleni wakati jirani anachungulia. Ukipata mhamasishaji mmoja akae nawe siku ya chanjo, mpe kona yake baada ya mizani, na awaulize wote, wenye viatu vizuri na wasio na viatu, kwa sababu ukianza kuchagua wanaoonekana maskini utawaaibisha hao na utawakosa wengine. Maswali mawili ya chakula yanatosha, nayo yamejaribiwa kwingine kwa muda mrefu: katika miezi kumi na miwili iliyopita, je, uliwahi kuhofia kwamba chakula kitaisha kabla hujapata pesa za kununua kingine, na je, chakula ulichonunua kiliwahi kuisha ukawa huna pesa za kununua kingine? Aongeze la malezi: unapokwenda kazini, mtoto hubaki na nani? Aongeze la makao: uliwahi kufungiwa nyumba au kuhamishwa kwa sababu ya kodi? Kisha aulize lile ambalo semina nyingi hulisahau, yaani, je, ungependa tukusaidie katika hili? Kuna mama mwenye shida asiyetaka kliniki iijue, na kuna mwingine ambaye majibu yake yote ni mazuri lakini anataka kuzungumza. Swali hilo la mwisho ndilo linalompa mzazi usukani.

Huhitaji kuuliza kila ziara. Ningechagua tatu. Wiki ya kumi na nne ni ya kwanza, kwa kuwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu inayotolewa na sheria ya ajira huwa imekwisha, na yule wa kibarua asiye na likizo huwa amesharudi kazini zamani, hivyo malezi na kunyonyesha huyumba wakati huo. Za pili na tatu ni mwezi wa tisa na wa kumi na nane, kwa sababu nilizomweleza mama wa Mukuru. Kati ya hizo, mtoto yeyote ambaye mstari wake umelala aulizwe, bila kujali tarehe.

Sasa hilo la kidonda. Nakubaliana nawe nusu. Kuuliza bila kujua hatua inayofuata ni kosa, na kituo ambacho hakijaandaa orodha yake kisianze kuuliza kesho. Lakini orodha haijengwi kwa kungoja Wizara. Chukueni nusu siku, wewe, afisa wa lishe, msimamizi wa wahamasishaji na mtu wa usajili, muandike kilichopo katika umbali ambao mama mwenye mtoto mgongoni anaweza kutembea. Kaka na dada wa mtoto huyo walio katika shule za umma za jijini wanaweza kupata chakula cha mchana kwa shilingi 5 kupitia mpango wa Dishi na Kaunti ulioanzishwa mwaka 2023, na mlo mmoja wa kaka shuleni unaacha kitu kwenye sufuria ya nyumbani. Familia isiyosajiliwa katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, isajiliwe hapohapo, kwa kuwa huduma za msingi katika zahanati na vituo vya daraja la pili na la tatu hulipiwa na mfuko wa afya ya msingi kwa aliyesajiliwa, hata kama hajalipa mchango. Katika orodha hiyo wekeni pia afisa wa watoto wa kaunti ndogo, ofisi ya chifu, vituo vya malezi ya mchana ambavyo mmevitembelea kwa macho yenu, na vyama vya kina mama vya kuweka akiba. Kila mwezi mtu mmoja azipigie namba zote. Orodha yenye simu zisizopokelewa humfanya mama atumie nauli na kurudi na hasira, na hasira hiyo ataielekeza kwako.

Kodi ya nyumba haina dirisha katika kituo chochote cha afya, na ni heri kusema hivyo waziwazi. Hata hivyo mama aliyesema kwamba amefungiwa nyumba amekupa habari ya tiba. Utampa miadi ya karibu zaidi, hutampa dawa inayohitaji friji, na hutaandika kwamba amepuuza matibabu akikosa siku moja. Huko ni kumsaidia pia, na hakugharimu kaunti chochote.

Neno moja la pembeni kwa wakubwa wa kaunti, iwapo wanasoma: tafadhali msilifanye jambo hili kuwa safu nyingine katika rejista, ya kujumlishwa mwisho wa mwezi na kupelekwa juu. Tumeshajaza rejista za kutosha.

SWALI: Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii Korogocho. Nikitumwa na kliniki kufuatilia mtoto, watu hunieleza mengi, kisha huniomba pesa. Wengine wananiogopa kwa kuwa naishi nao ploti moja na wanadhani nitasambaza habari. Kuna nyumba moja ambayo mume hataki niingie, na mkewe ana alama usoni. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu, kuhusu pesa, usitoe. Posho yenu ya shilingi 5,000 kwa mwezi, ambayo Serikali Kuu na kaunti zilikubaliana kuchangia nusu kwa nusu, haitoshi kulisha nyumba yako mwenyewe, na ukishaanza kwa mmoja utakuwa umewafungia mlango wengine tisini na tisa. Waambie mapema kwamba kazi yako ni kuwaunganisha, na uitimize kwa kurudi. Mtu aliyeelekezwa kwa chifu siku ya Jumatatu aulizwe Alhamisi kama alihudumiwa, na kama hakuhudumiwa, uandamane naye mwenyewe au umwambie msimamizi wako. Naamini kurudi huko kunajenga imani kuliko vile vifaa mlivyopewa mwaka 2023.

Siri ni jambo gumu zaidi kwenu kuliko kwa muuguzi, kwa kuwa muuguzi akitoka kazini hupanda matatu na kuondoka. Mambo ya chakula na kodi yasiandikwe kwenye daftari linaloshikwa na watoto wako nyumbani, yasisemwe mbele ya watoto wa mwenye nyumba hiyo wanaoweza kuyarudia nje, na yasipelekwe kwenye kundi la WhatsApp la wahamasishaji hata bila jina, maana Korogocho ukisema “mama wa mapacha karibu na choo cha jumuiya” umeshataja jina. Kama mama anaona aibu kuzungumza nawe kwa sababu ya ujirani, usijisikie vibaya. Omba mwenzako wa upande mwingine amtembelee.

Nyumba ile ya mume asiyetaka uingie ina utaratibu wake. Usimuulize mke habari za kupigwa akiwepo mume au mtoto aliyeanza kuzungumza, na usimwachie karatasi yoyote yenye namba ya simu. Kliniki ya mtoto ndiyo sababu salama ya yeye kutoka nyumbani bila maswali, kwa hiyo mpe tarehe ya kupima uzito, na umwarifu muuguzi ili aulizwe ndani ya chumba mlango ukiwa umefungwa. Ukatili wa kijinsia una simu ya bure 1195, na habari za mtoto anayeumizwa hupokelewa kwa simu ya bure 116. Ukiona mtoto ameumizwa, hilo si siri tena. Unaripoti siku hiyo, hata kama mama amekuomba unyamaze.

SWALI: Nina miaka 71, naishi Huruma, na ninalea wajukuu wawili. Mama yao aliondoka mwaka jana na hatujamsikia. Mkubwa yuko chekechea ya shule ya umma. Mdogo ana mwaka mmoja na nusu, hana cheti cha kuzaliwa, na kijitabu cha kliniki mama yake aliondoka nacho. Naogopa kwenda kliniki wasije wakanifukuza.

JIBU: Nyanya, shikamoo. Nenda, na uende wiki hii. Chanjo za mpango wa kitaifa katika vituo vya umma ni za bure, na mtoto hanyimwi kwa kukosa cheti wala kijitabu. Anatakiwa kupata chanjo ya surua na rubela ya miezi kumi na minane, na kama zile za wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne hazijulikani, muuguzi atatafuta katika rejista ya kituo alikochanjiwa. Kumbuka jina la kituo hicho na jina la mama lililotumika. Ombeni kijitabu kipya. Atapimwa uzito, urefu na mkono, na atapewa matone ya vitamini A kama hajapata katika miezi sita iliyopita.

Cheti cha kuzaliwa kisikutishe. Ikiwa alizaliwa hospitalini, taarifa ya kuzaliwa iliandikwa huko na kumbukumbu zipo. Ikiwa alizaliwa nyumbani, naibu chifu ndiye wa kuanzia. Kwa kuwa miezi sita imepita, huo ni usajili wa kuchelewa, nao unadai maelezo na karatasi zaidi, hivyo omba uandamane na mhamasishaji wa afya wa eneo lako. Kwa naibu chifu huyohuyo ulizia mpango wa Inua Jamii, unaotoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya zinazostahili, wakiwemo wazee kuanzia miaka 70 na kaya zinazolea watoto yatima na walio katika hali ngumu. Usajili wake hufanywa kwa awamu, si kila siku, kwa hiyo hakikisha jina lako linajulikana kabla awamu nyingine haijatangazwa, na ubebe kitambulisho chako.

Wewe mwenyewe jisajili SHA, kwa kubonyeza *147# au kwa kumwomba mhudumu wa kituo akusaidie. Mkubwa, kwa kuwa yuko katika shule ya umma, muulizie mwalimu wake habari za Dishi na Kaunti. Na ukiwa kliniki, muuguzi akikuuliza kama chakula kinatosha nyumbani, mweleze kama ulivyotuandikia sisi, umwambie pia kwamba mama yao hayupo, ili akuunganishe na afisa wa watoto, ambaye ndiye atakayekueleza namna ya kutambuliwa kisheria kuwa mlezi wao. Bila hilo utakuwa ukiulizwa karatasi za mama kila dirisha utakalofika.